Anti, mume wangu anataka tukope ili twende Rombo Krismasi

Shikamoo Anti. Naomba usinitaje jina maana mawifi zangu wanasoma sana huku. Mimi ni mama wa watoto watatu naishi Kimara hapa Dar, asubuhi nauza vitafunwa, maandazi chapati na chai, mume wangu ni fundi aluminiamu na vioo. Kwao ni Rombo, Kilimanjaro, na kama unavyojua Wachaga ikifika Desemba lazima wapande, mimi kwetu ni Morogoro hatuna hii desturi kihivyo lakini nimeshaizoea na watoto wanapenda mno kwenda kwa bibi yao.

Shida yangu ni hela Anti. Kikoba chetu tunavunja tarehe 13 Desemba natarajia kupata laki 7 na elfu 80. Mume wangu anasema mpaka tarehe 20 atakuwa ameshika kama laki 6, maana mwezi huo kazi zao zinakuwa nyingi watu wanamalizia nyumba wahamie kabla ya mwaka mpya. Sasa yeye mipango yake ni kukodi Noah na wenzake wawili waende na familia, nguo mpya kwa wote, na kwenye grupu la familia kaka yake mkubwa ameshapanga kila kaka atoe laki 1 na elfu 50 ya kununulia ng'ombe. Akipiga hesabu haitoshi, ndo anasema atakopa laki 5 kwenye simu, kuna programu rafiki yake alimuonyesha unapata hela dakika 5. Nikiuliza Januari je, anasema mwanaume haendi nyumbani mikono mitupu, Januari Mungu atajua.

Anti mwaka jana tulirudi tarehe 3 Januari ndani kuna elfu 20. Mtaji wangu ulikuwa umeshaliwa wote nikakaa wiki mbili bila kukaanga hata andazi moja, mwenye nyumba anagonga mlango anataka kodi yake ya miezi mitatu laki 3, ikabidi nichukue hela kwa wale wakopeshaji wa riba kubwa, kausha damu, na deni nimekuja kulimaliza Aprili. Mwaka huu ni mbaya zaidi kwa sababu mtoto wangu wa kwanza kamaliza la saba, Januari anaingia form one, na wa pili anaingia la nne. Nimepiga hesabu ya sare viatu madaftari na vikorokoro vyake huyo mkubwa ni kama laki 2, mdogo wake elfu 60.

Halafu kuna kitu kingine sikielewi, hata kabla hatujasafiri Desemba hela inayeyuka tu. Sinunui kitu kikubwa lakini jioni nikihesabu naona elfu 2, elfu 5, elfu 3, sijui inaenda wapi. Nifanyeje Anti? Niseme tu mwaka huu hatuendi? Naogopa nitaonekana mimi ndo namzuia mume wangu kwenda kwao.

Mama watatu, Kimara

ANTI ANAJIBU

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo la mwisho kwa sababu naona ndo linakunyima usingizi. Usiseme hatuendi. Nyie nendeni. Kwa Mchaga kwenda nyumbani Desemba siyo starehe kama kwenda bichi, ndo wakati pekee ndugu wote wanakutana kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, wazee wanawaona wajukuu, mambo ya ukoo yanaongelewa, waliogombana wanapatanishwa, na nani ajuaye kama bibi yao mwakani atakuwepo. Ukiifuta safari utakuwa umeokoa nauli lakini utakuwa umefungua ugomvi ambao hela hiyo haitautibu, na pia tusidanganyane, kubaki Dar na watoto watatu wiki nzima ya sikukuu siyo bure, kuna pilau, kuna soda, kuna mtoto anataka kutoka, utashangaa umetumia zaidi ya mngekuwa Rombo mnakula ndizi za shambani.

Kinachowaumiza ni kwamba hela ya Januari na hela ya Desemba mnaziweka mfuko mmoja, halafu Desemba inakuja kwanza inakula zote. Kwa hiyo geuza, Januari ilipwe kabla ya Krismasi.

Tuhesabu wote hapa. Ya kwako na ya shemeji ni milioni 1 na laki 3 na elfu 80. Sasa toa kodi laki 3, toa form one laki 2, toa wa la nne elfu 60, toa mtaji wako wa vitafunwa weka laki 1, toa chakula cha Januari wiki mbili za mwanzo mpaka biashara ikae sawa weka laki 1 na nusu. Hiyo ni laki 8 na elfu 10. Inabaki laki 5 na elfu 70, na hiyo ndo Krismasi yenu mwaka huu, ndani yake kuna nauli, ng'ombe, zawadi na kila kitu. Siyo ndogo hata kidogo. Watu wengi wanasherehekea kwa chini ya hapo na wanarudi wakicheka.

Ila hiyo laki 8 usiniambie utaiweka kwenye simu, hela ikiwa kwenye simu Desemba haina mwenyewe. Siku ile ile mnavunja kikoba, tarehe 13 hiyo hiyo, mtafute mwenye nyumba mpe kodi yake uchukue risiti, atashangaa lakini atafurahi na hata ukitaka akupunguzie kidogo kwa kulipa mapema jaribu kumuomba, huwezi jua. Kesho yake nenda sokoni kanunue mtaji wa Januari kwa vitu, unga wa ngano mfuko wa kilo 25, dumu la mafuta, sukari, vikae ndani mahali pakavu juu ya kitu, siyo sakafuni. Mtaji ukiwa unga hakuna mtu atakuomba umkopeshe, na mafuta na sukari ukisubiri karibu na sikukuu wanapandisha. Sare na madaftari kanunue wiki hiyo hiyo Kariakoo kabla watu hawajaanza kujazana Januari, isipokuwa sare ya form one usikimbilie kushona mpaka majina ya shule yatoke, serikali huwa inatangaza waliochaguliwa Desemba, ukijua shule ndo unajua rangi. Viatu vyeusi, soksi, begi, madaftari na kompasi hivyo havina shule, nunua. Hela ya sare mpe mtu unayemuamini au iweke benki, isikae na wewe.

Sasa hilo la mkopo, hapa nitakuwa mkali. Hapana. Mwaka 2024 mwezi wa 11 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha watu mtandaoni bila leseni na kuwaambia wananchi wasiyatumie. Hizi programu zinakupa hela dakika 5 kweli, lakini unakuta wameshakata ada yao juu kwa juu, uliomba laki 5 unashika pungufu, na muda wa kurudisha mara nyingi ni siku 7 au 14. Hebu piga hesabu shemeji akikopa tarehe 20 siku 14 zinaishia wapi? Tarehe 3 Januari, siku ile ile mwaka jana mlirudi na elfu 20. Hapo ndo wanaanza kupigia namba zote zilizoko kwenye simu yake, bosi wake, wateja wake, mama yake mzazi kule Rombo, wanawaambia huyu mtu tapeli. Mwanaume anayeogopa kwenda nyumbani mikono mitupu hebu afikirie mama yake anapokea simu ya namna hiyo wiki moja baada ya sikukuu. Mwambie hivyo hivyo kwa upole, ataelewa.

Nauli. Hapa ndo kuna hela nyingi ya kuokoa kuliko sehemu yoyote na ni kwa sababu moja tu, muda. Mnaandika hii barua ni Novemba, mna bahati, tiketi kateni sasa hivi, hata kama ni mbili mbili kila shemeji akilipwa kazi. Wewe uko Kimara, stendi ya Magufuli pale Mbezi ni karibu tu, nenda ofisini kwa wenye basi wenyewe usiongee na mtu yeyote getini. Na ujue haki yako, mabasi ya mikoani yana nauli kikomo inayopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Walipotangaza viwango Desemba 2023 basi la kawaida lilikuwa shilingi 48.47 kwa kila kilomita na daraja la kati shilingi 67.84, ukichukua Dar mpaka Moshi kama kilomita 560 hivi unapata elfu 27 na kidogo kwa la kawaida na kama elfu 38 kwa la kati. Ulizia kiwango cha sasa mpaka Rombo kabla hujatoa hela, na dai tiketi ya mtandao ambayo imeandikwa nauli uliyolipa. Yule anayesubiri tarehe 23 ndo anauziwa siti kwa elfu 60 au 70 na anashukuru amepata, wakati mwenzake pembeni amelipa elfu 40.

Nyie mnahitaji siti nne, mdogo mnampakata. Weka elfu 40 kila siti kwenda na elfu 40 kurudi, ni laki 3 na elfu 20. Ondokeni tarehe 21 shemeji akishafunga kazi, mrudi tarehe 28 au 29. Najua atasema mwaka mpya tuule huku, lakini kuanzia tarehe 2 kila mtu anataka kushuka Dar siku moja, siti hakuna, na wewe ukiwahi kurudi unakaanga maandazi tarehe 30 wakati wauzaji wenzako wote wako mikoani, wateja wote ni wako. Hapo unarudisha hela mliyotumia safarini. Noah achaneni nayo, ukigawa hela ya gari na mafuta inazidi basi, watoto mnabanana njia nzima, dereva mmoja zaidi ya kilomita 500 na haraka za sikukuu, mimi roho yangu haikubali. Kuna pia treni ya njia ya kaskazini ya Shirika la Reli, TRC, ambayo ilirudi mwaka 2019 baada ya kusimama miaka zaidi ya 20, inafika Moshi, inachukua muda mrefu lakini nauli yake ni nafuu, ulizia siku zinazoondoka ukiona mabasi yanawashinda.

Chakula cha njiani wewe ndo mpishi jamani, usiniambie mnashuka Korogwe au Mombo mnanunua chipsi kuku za watu watano. Chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, maji chukua madumu madogo kutoka nyumbani. Watoto watalia soda, mpe kila mmoja moja, basi.

Baada ya nauli mnabaki na laki 2 na nusu. Ng'ombe laki 1 na nusu inabaki laki moja ya zawadi na mengine, inabana lakini inawezekana. Ila mimi ningekuwa shemeji ningempigia kaka mkubwa, namaanisha kumpigia simu wao wawili, siyo kuandika kwenye grupu ambako mawifi na binamu wote wanasoma. Amwambie kaka mwaka huu mtoto anaingia form one, mimi natoa laki moja. Kaka mwenye busara hawezi kukataa, na kama yupo ndugu mwenye uwezo zaidi atajaza. Tena ampe na wazo, waache habari ya ng'ombe wa tarehe 23 ambaye kila mnunuzi anamgombania mnadani, hela ikusanywe mwanzoni mwa Desemba wanunuliwe mbuzi wawili bei ikiwa bado chini, wafungwe pale nyumbani wale majani ya migomba mpaka sikukuu. Ndafu inatoka, mtori unatoka, supu inatoka, na hakuna aliyeumia. Familia nyingi za kule zinafanya hivyo na hakuna anayewacheka.

Zawadi sasa. Watu wa Dar wanafanya kosa la kubeba vitu ambavyo kule vipo. Unabeba mchele kilo 25 kutoka Dar unalipia mzigo kwenye basi, wakati Moshi wenyewe wanalima mchele kule bondeni Lower Moshi na soko la Mbuyuni limejaa. Wewe beba kile ambacho mlima hauna. Nazi. Dagaa na samaki wakavu. Doti ya kanga nzuri ya Kariakoo kwa mama mkwe uichague wewe mwenyewe maneno yake, na sukari na majani ya chai vinunueni mkishafika kule. Kwa elfu 60 utakuwa umeingia na mfuko ambao mama mkwe ataufungua mbele ya majirani. Wakati wa kurudi usione aibu, omba ndizi, omba maharage, parachichi, magimbi, shambani viko na wao wenyewe wanapenda kuwafungashia, hicho ni chakula chenu cha wiki nzima ya Januari na kwenye hesabu yetu ya laki 1 na nusu utakuwa umepunguza.

Nguo mpya kwa wote hapana. Mkubwa avae viatu vyake vipya vya shule kanisani Krismasi, vyeusi vinapendeza na suruali yoyote. Za mdogo na wa la nne pita soko la mitumba la Karume siku ya kawaida asubuhi wanapofungua marobota, au subiri ukifika Moshi upite Kiboriloni, mitumba ya pale nzuri. Wewe na shemeji mna nguo za kutosha, kitenge kile cha harusi ya mwaka huu nani amekiona kule Rombo?

Nije kwenye hizo elfu 2 elfu 5 zinazokutesa maana nina uhakika hapo kuna laki nzima imejificha. Desemba inakula kwa vitu vidogo. Watoto wamefunga shule wako nyumbani kutwa, kila saa mama naomba mia tano, sasa wewe una unga na mafuta, kila asubuhi watengee maandazi yao na chai kwenye chupa, mwambie mkubwa ndo msimamizi, dukani marufuku mpaka saa 10 jioni. Bando la simu mnanunua la buku kila siku, nunua la wiki au la mwezi mara moja. Kutoa hela kwa wakala elfu 10 leo elfu 10 kesho kila ukitoa kuna makato, toa mara moja kwa wiki au mlipe mwenye duka kwa lipa namba. Bodaboda kwa mwendo ambao Novemba ulikuwa unatembea. Na michango! Desemba ni kipaimara, harusi, sendofu, kila siku kadi. Kaa na shemeji pangeni kiasi kimoja cha michango yote ya mwezi, mfano elfu 30, ikiisha imeisha, mnawaambia watu kwa adabu tumewaombea heri. Chukua daftari la mwanao lililobaki kurasa, kila jioni andika kila ulichotoa hata mia mbili, fanya wiki mbili tu kuanzia leo, hutahitaji mtu akuambie inaenda wapi.

Kuongea na shemeji usifanye usiku amechoka na kazi wala siku amekasirishwa na mteja. Jumapili mkishakula, watoto wako nje, weka daftari mezani. Usianze na huna akili ya hela wala unakumbuka mwaka jana. Anza na Rombo, mwambie mume wangu nataka twende na nataka uingie kwa mama kichwa juu, nimeona namna ya kwenda na kurudi bila deni, naomba tuangalie wote. Muache yeye ndo aandike zile namba kwa mkono wake. Mwanaume akiandika mwenyewe kodi laki 3, form one laki 2, ile habari ya Januari Mungu atajua anaiona ilivyo. Na kazi ya kumpigia kaka yake na kazi ya kukata tiketi mpe yeye, asijisikie umeshika kila kitu, maana ukweli hela ya kikoba ni jasho lako na usikubali ipite mkononi mwake kwanza, lakini heshima yake kwao ni yake na lazima ailinde mwenyewe.

Akikataa kabisa akasema anakopa tu, basi wewe simama kwenye hiyo laki 7 na 80 yako. Kodi, mtaji na form one inatosha kulipa, inabaki laki 1 na elfu 80. Mwambie bila kelele kwamba hiyo haiguswi, na usikubali namba yako wala kitambulisho chako kitumike kwenye mkopo wake, wala usiwe mdhamini. Tiketi zako na za watoto kata tu kwa hiyo iliyobaki, hata kama ni basi la kawaida.